Kitanda cha Kamba na Makucha ya Paka

Katika nyumba nyingi za visiwa vyetu, mjini na mashamba, kitanda cha kamba kimeng'olewa mahali pake. Godoro la sponji limeingia, na kitanda kilichowalaza wazee kimetupwa uani kikinyeshewa mvua. Limeingia pia kochi la kitambaa, na pamoja nalo umezuka ugomvi baina ya mwenye nyumba na paka wake. Paka hulipapura kochi, mwenye nyumba humpiga, na mwisho wake paka hutiwa guniani akaenda kutupwa sokoni. Twauliza: panya wa nyumba hiyo ameachiwa nani?

Hatuulizi kwa mzaha. Panya hula unga, hutafuna majalada katika maghala ya serikali, na mkojo wake hueneza homa ya leptospira. Mlinzi asiyedai mshahara hafukuzwi kwa ajili ya kitambaa.

Ifahamike kwamba paka hapapuri kwa ufidhuli. Ukucha wake hukua kwa matabaka, na gamba la juu lililokwisha kazi hutoka kwa kukwaruza. Tena nyayo zake zina tezi za harufu, ambazo kwazo huweka alama kwamba hapa ndipo kwake. Na kila aamkapo hutaka kujinyoosha mgongo. Haja hizo haziondolewi kwa fimbo. Dawa ni kumpa mahali pengine patakapompendeza kuliko kochi.

Mahali hapo pamo ndani ya kile kitanda kilichotupwa uani. Mfumbati wake na ukatwe kipande cha sentimita 80 au zaidi, ili paka asimame wima na kujinyoosha barabara. Kisha kipande hicho kisimamishwe juu ya ubao mzito, wa mlango wa zamani kwa mfano, usiopungua sentimita 45 kila upande. Hapa ndipo wengi watakapokosea: mti ukiyumba mara moja paka hatauamini tena, naye atarudi kwenye kochi. Ubao ukiwa mwepesi, na uongezewe jiwe.

Kamba nazo zipo. Kamba ya usumba ni kazi ya akina mama wa pwani, ambao huyazika makumbi ufukweni kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kuzisokota nyuzi zake kwa mikono. Ukali wa nyuzi hizo ndio autakao paka. Kwa mti wenye unene wa sentimita 8 na kamba ya sentimita moja, kuuzungushia urefu wa sentimita 70 kunahitaji kama mita 20, yaani pima 11. Kwanza kamba na imwagiwe maji ya moto na kuanikwa juani, kama walivyofanya wazee dhidi ya kunguni. Ifungwe kwa kukaza, na vichwa vya misumari vizamishwe. Kamba ya nailoni haifai kabisa, kwani uzi wake ukimezwa huweza kuyafunga matumbo ya mnyama. Kapu la ukindu lililotoboka, likitandikwa kipande cha kanga kuukuu, litamtosha kwa malazi.

Tungependa kuviona vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vikiwapa wanafunzi wa useremala mabaki ya mbao kwa kazi hii, na maofisa wenye maghala ya majalada wakiwa wanunuzi wa kwanza. Usumba ukipata soko jipya, hata dogo, atakayefaidika ni yule mama aliyeinama ufukweni.

Mti ukishakamilika usifichwe pembeni mwa nyumba. Na uwekwe ubavuni mwa kochi lenyewe, pale pale palipokwisha papurwa. Paka akishauzoea, usogezwe kidogo kidogo kila siku, hadi ufike mahali apatakapo mwenye nyumba.