Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira

Fungueni madaftari, maana leo tuna hesabu kidogo.

Mgonjwa asiyeweza kumeza hulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani hata tumboni. Mpira ukipotea njia ukaingia mapafuni, chakula chaweza kumwua. Kwa hiyo kabla ya kumlisha, muuguzi huvuta maji kidogo ya tumbo kwa bomba la sindano, akayapima kwa karatasi inayogeuka rangi. Kipimo kikiwa 5.5 au chini yake, hiyo ni asidi ya tumbo, amlishe. Kikizidi, angoje, pengine itahitajika picha ya eksirei. Zamani walipuliza hewa na kusikiliza tumbo. Njia hiyo hudanganya.

Sasa hesabu. Daktari ameandika mililita 250 mara 6 kwa siku, yaani 1,500. Mlo mmoja ukaachwa mgonjwa alipopelekwa kupimwa. Mwingine ukakosekana kwa kuwa mpira uliziba. Haukusukumwa maji baada ya chakula. Amepata ngapi? Naam, 1,000. Theluthi nzima imepotea, na karatasi ya daktari bado yasema 1,500! Ndiyo maana huandikwa kilichoingia, si kilichoagizwa tu, tena mgonjwa hupimwa uzito.

Nawe uliyekaa kando ya kitanda, tazama alama ya mpira pale puani. Ikiwa imesogea, mwite muuguzi upesi. Wakati wa kulishwa, mgonjwa asilazwe chali. Kichwa na kifua viinuliwe.

Zoezi: Mililita 200 mara 8, milo 3 imekosekana. Mgonjwa amepata ngapi?