Ekseli juu ya mawe: nini kinaimarishwa kwanza, na kwa sababu gani



Gari la 4x4 likishindwa kupanda mawe, watu hutazama injini kwanza. Injini inanguruma, moshi unatoka, na kila mtu anasema nguvu imepungua. Mara nyingi nguvu ipo ya kutosha, tena imezidi. Kinachoshindwa ni chuma kilicho chini ya gari, ambacho mafundi wetu wanakiita ponti na vitabu vinakiita ekseli.

Katika makala hii tutaeleza namna ekseli inavyoimarishwa kwa ajili ya kupanda mawe. Mfano tunautoa Marekani, kwa sababu huko kazi hii imekuwa fani kamili na hesabu zake zinajulikana. Mwishoni tutarudi kwenye Land Cruiser zinazobeba wagonjwa, vitabu na saruji za parokia zetu. Chuma hakijui mpaka wa nchi: kinachokivunja huko ndicho kinachokivunja huku.

Kazi yenyewe

Katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, kuna njia ya mawe iitwayo Rubicon, inayoelekea upande wa Ziwa Tahoe. Katika jimbo la Utah, mji wa Moab hupokea wenye magari ya namna hiyo kila Pasaka tangu mwaka 1967. Huko gari haliendi mbio. Linatambaa polepole kuliko mtu anayetembea, gurudumu moja likipanda jiwe lenye kimo cha goti na lingine likining'inia hewani.

Kwetu neno jeep linatumiwa kwa karibu kila gari la 4x4. Hapa ninasema Jeep yenyewe, ile ya Marekani. Mwaka 2003 kiwanda kilitoa Wrangler iliyopewa jina la njia hiyo, Rubicon. Wrangler za kawaida za wakati ule zilikuwa na ekseli iitwayo Dana 30 mbele, na nyingi zilikuwa na Dana 35 nyuma. Rubicon ilipewa Dana 44 mbele na nyuma, pamoja na kifaa cha kufunga diferansieli. Hata hivyo, wenye kupanda mawe makubwa zaidi huitoa Dana 44 na kuweka Dana 60 ya malori madogo. Kwa nini hawaridhiki?

Hesabu inaanzia kwenye tairi

Ukiinua springi za gari, mwili wa gari unapanda, lakini ekseli inabaki palepale. Kibuyu cha diferansieli, kile kinachogonga mawe, kinainuliwa na tairi peke yake. Tairi ya inchi 31 ina kimo cha sentimeta 79 hivi. Ya inchi 37 ina sentimeta 94. Nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimeta 7 na nusu, ndiyo nafasi unayopata chini ya kibuyu. Kwa hiyo mtu anayetaka kupanda mawe ananunua tairi kubwa kwanza, na hapo matatizo yake yanaanza.

Tairi kubwa ni kama mpini mrefu. Mwenye mpini mrefu anakaza nati kwa urahisi, na anaweza pia kuikata. Ukitoka inchi 31 kwenda 37, tairi inayoshika jiwe inaweza kurudisha kwenye shafti mkazo ulioongezeka kwa karibu asilimia 19, hata kabla hujahesabu uzito wa tairi yenyewe.

Tena gari linakuwa zito kuanza. Injini inazungusha duara kubwa kwa gia zilezile. Rubicon ya 2003 ilikuwa na uwiano wa 4.11 ndani ya ekseli: kardani ikizunguka mara 4.11, gurudumu linazunguka mara moja. Kwa tairi za inchi 37, ili gari lirudi katika hali yake ya kwanza unahitaji uwiano wa 4.9 hivi. Ndiyo maana wengi huweka gia za 4.88. Kazi hiyo inataka fundi mwenye vipimo, kwa maana kuroni na pinioni zikikutana vibaya hata kwa sehemu ndogo ya milimita, zinalia na kulana.

Nguvu inafika wapi?

Tufanye hesabu moja. Tuseme injini inatoa mkazo wa nyutoni-mita 300. Gia ya kwanza inauzidisha mara 4, sanduku dogo la gia za mawe linauzidisha tena mara 4, na ekseli mara 4.11. Jumla ni karibu mara 66, yaani nyutoni-mita zipatazo 20,000. Ni kama kuning'iniza tani mbili kwenye ncha ya nondo yenye urefu wa mita moja. Kwenye barabara ya kawaida tairi huteleza kabla mkazo wote haujafika. Lakini tairi ikibanwa kati ya mawe mawili haiwezi kuteleza, na lazima kitu kingine kiachie.

Sasa ongeza kifaa cha kufunga diferansieli. Diferansieli ya kawaida hugawa mkazo sawasawa pande mbili. Gurudumu moja likiwa hewani halina upinzani, basi na lile lililo chini linapata kidogo sana, na gari linabaki linazungusha upepo. Kifaa cha kufunga kinaziunganisha shafti mbili zizunguke kama moja. Gari linapanda. Lakini angalia: mkazo wote wa ekseli sasa unaweza kupita katika shafti moja tu. Umetatua shida ya kukwama, na umeisogeza shida kwenye shafti.

Unene wa shafti

Nguvu ya shafti dhidi ya kusokotwa hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe. Shafti ya kawaida ya Dana 44 ina kipenyo cha milimita 33 hivi, na shafti ya Dana 60 yenye meno 35 ina milimita 38. Tofauti ya milimita 5 inaonekana ndogo, lakini shafti ya pili ina nguvu mara moja na nusu ya ile ya kwanza ikiwa chuma ni cha aina moja. Kuroni nayo inakua: katika Dana 35 ina kipenyo cha milimita 192, katika Dana 44 ni 216, katika Dana 60 ni 248.

Asiyetaka kubadilisha ekseli nzima anaweza kununua shafti za chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu. Hizo zinavumilia zaidi katika unene uleule. Lakini hapo kiungo cha msalaba cha magurudumu ya mbele, kile kinachoruhusu gurudumu kupinda huku likizunguka, kinakuwa ndicho dhaifu. Kiungo hicho huvunjika hasa usukani ukiwa umepindwa hadi mwisho na mguu ukiwa kwenye mafuta.

Mnaona mpangilio wake. Kila unapoimarisha sehemu moja, udhaifu unahamia sehemu ya jirani. Kwa hiyo mafundi wazuri wa kazi hii hujiuliza swali moja kabla ya kununua: ni kitu gani ninataka kivunjike kwanza? Kitu lazima kiwe cha kwanza. Afadhali kiwe shafti au kiungo ambacho kinabadilishwa njiani kwa saa moja, kuliko kuroni ambayo italiacha gari porini.

Shafti inayobeba na shafti isiyobeba

Kuna tofauti nyingine ambayo inahusu usalama wa watu kabisa. Katika ekseli nyepesi, shafti hufanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na inabeba uzito wa gari. Dana 35 ya Wrangler ni ya namna hiyo, na shafti yake imeshikwa ndani na klipu ndogo yenye umbo la herufi C. Shafti ikikatika, gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande chake.

Katika ekseli nzito, gurudumu limekaa juu ya bomba la ekseli kwa beringi mbili, na bomba ndilo linalobeba uzito. Shafti inazungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Dereva anafungua bolti, anatoa vipande, anaziba tundu ili mafuta yasimwagike na vumbi lisiingie, kisha anavutwa na magurudumu ya mbele mpaka nyumbani. Dana 60 ya nyuma ya malori madogo ya kubeba mizigo mizito kwa kawaida ni ya namna hiyo.

Tunarudi kwetu

Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984. Matoleo mengi ya kazi, yale tunayoyajua sana, yana ekseli ya nyuma ya aina hiyo nzito, ambapo shafti haibebi uzito. Kwa hiyo gari la parokia limeshatoka kiwandani na kitu ambacho wenzetu wa California wanakitafuta kwa pesa nyingi.

Basi kamati ikikaa kuamua pesa za gari, isianze na tairi kubwa kwa sababu gari la mtu fulani linazo na linapendeza. Tairi kubwa inadai gia mpya, breki bora, shafti ngumu. Ukinunua ya kwanza bila zile zinazofuata, umenunua ajali ya baadaye, na kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, breki zilizozidiwa hazitoi nafasi ya pili. Uzito nao ni vilevile. Mifuko kumi ya saruji na watu kumi na wanne juu yake inakaza ekseli kila inapogonga jiwe.

Pesa ndogo zinafanya kazi kubwa mahali hapa:

- Angalia mpira unaozuia mafuta ndani ya ekseli ya mbele. Ukichoka, mafuta ya diferansieli yanaingia kwenye grisi ya viungo vya magurudumu na kuifanya uji, na kiungo kinakufa kabla ya wakati wake.
- Inua bomba la kupumulia la ekseli. Ekseli yenye joto ikiingia mtoni inapoa ghafula na kuvuta maji kupitia mipira yake. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Yabadilishwe kabla ya safari nyingine.
- Kaza beringi za magurudumu kwa kipimo, si kwa kukisia.
- Kama gari lina kifaa cha kufunga diferansieli, kifungwe kabla ya kuingia kwenye mawe, usukani ukiwa umenyooka, na kifunguliwe mara baada ya kutoka.

Na dereva ndiye sehemu ya mwisho ya ekseli. Shafti nyingi hazivunjwi na jiwe lenyewe. Zinavunjwa gurudumu linapozunguka kasi hewani halafu likashika ardhi kwa ghafula. Dereva anayeachia mafuta gurudumu linapoanza kuzunguka bure, akashuka, akapanga mawe mawili matatu, kisha akapanda taratibu kwa gia ya chini kabisa, amefanya kazi ya shafti ya bei kubwa.

Kabla ya safari ijayo ya Fizi au ya kijiji chochote cha milimani, mwombeni fundi afungue bolti ya kuangalizia mafuta ya ekseli mbele yenu. Inachukua dakika tano. Mama mjamzito atakayelala nyuma ya gari hilo usiku hataulizwa kama tairi zilikuwa kubwa. Yeye anahitaji lifike.