Vumbi, Mshenga wa Angani

Tarehe 13 Machi 1970, roketi ndogo ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, Marekani, ikiwa imebeba kifaa alichokibuni George Carruthers, mwanasayansi Mmarekani mweusi wa miaka 30. Kifaa kilielekezwa kwenye nyota Xi Persei, iliyo kaskazini ya Kilimia, kundi ambalo wakulima wetu walisomea misimu. Roketi ilikaa juu ya angahewa dakika chache tu, lakini zilitosha kunasa urujuanimno ambao hewa huuzuia usitufikie. Katika mwanga huo mlikuwa na mapengo: alama ya molekuli za haidrojeni, zilizoonekana kwa mara ya kwanza baina ya nyota.

Wanaastronomia walikuwa wakizitarajia. Fumbo lilikuwa jinsi zinavyoundwa. Haidrojeni imejaa ulimwenguni kuliko elementi nyingine yoyote, na ungedhani atomu zake mbili zikigongana zitashikana. Hazishikani. Muungano wao huzaa nishati ya elektronivolti 4.5 hivi, nayo isipopata pa kwenda huzitenganisha papo hapo. Atomu hizo zinafanana kabisa, kwa hiyo jozi yao karibu haiwezi kuitoa nishati hiyo kama mwanga. Anahitajika wa tatu wa kuipokea, na gesi ya huko ni haba mno kwa atomu tatu kukutana kwa wakati mmoja.

Wa tatu huyo ni vumbi, na mimi naliita mshenga. Ni punje za silikati na kaboni, nyingi hazifiki sehemu moja ya elfu ya milimita, na uzito wake ni kama asilimia moja tu ya uzito wa gesi. Zina baridi kali, chini ya nyuzi 250 hasi. Atomu ikitua juu ya punje hunata, hutambaa, hata ikutane na mwenzake. Punje hufyonza sehemu ya nishati ya muungano, na molekuli huruka kurudi kwenye gesi. Robert Gould na Edwin Salpeter walikwisha kulipigia hesabu jambo hili mwaka 1963, miaka saba kabla ya roketi ile.

Kinachonigusa zaidi ni yanayofuata. Urujuanimno wa nyota huvunja molekuli, lakini zile za pembezoni mwa wingu la gesi na vumbi huupokea zikavunjika zenyewe, na za ndani zikasalimika. Humo ndani, gizani, gesi hujikusanya, hujiporomokea kwa uzito wake na kuwa nyota. Jua letu lilianzia katika wingu la aina hiyo, miaka bilioni 4.6 iliyopita.