Je, Wajua? Mezani mboga tele, damuni jua haba

Je, wajua kwamba Korea Kusini vijana huwazidi wazee kwa upungufu wa vitamini D? Vipimo vya damu vya mwaka 2008 vilikuta wanaume 47 katika kila 100, na wanawake 64 katika kila 100, wako chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Kwa wanawake wa miaka 20 hadi 29 idadi ilikaribia 80. Bibi wa kijijini anashinda juani akipalilia vitunguu saumu. Mjukuu wake wa Seoul yuko ofisini mchana kutwa, na akitoka ana mwavuli na krimu ya kukinga jua, maana weupe huko ndio urembo. Tena Seoul iko nyuzi 37 kaskazini mwa ikweta: majira ya baridi jua hupita chini mno, na ngozi haitengenezi vitamini D ya maana.

Wajua takwimu hizi zinapatikanaje? Nchi ina utafiti wa taifa wa afya na lishe, ulioanza 1998 na kufanywa kila mwaka tangu 2007. Hugusa watu wapatao 10,000 kwa mwaka. Magari ya vipimo huenda mitaani, watu hutolewa damu, na mtaalamu wa lishe huuliza: jana ulikula nini? Bakuli la ukubwa gani? Supu uliimaliza au uliacha? (Hebu jaribu wewe kukumbuka mlo wako wa jana, mpaka vijiko vya kachumbari.)

Wajua kuwa vitamini B12, ambayo kwa kawaida haimo kwenye mimea, iliwashangaza watafiti kwa wazee wa Korea waliopita miaka 100? Nyama walikula kidogo, lakini damu yao haikuwa na upungufu uliotarajiwa. Jibu moja lilikuwa jikoni: soya iliyochachushwa, kama doenjang na cheonggukjang yenye harufu ya kumfukuza mgeni mlangoni, pamoja na gim, mwani mwembamba kama karatasi unaoliwa na wali. Kwenye soya hiyo wenye kazi ni bakteria.

Mwani una heshima yake. Mama aliyejifungua hupewa supu ya mwani, miyeok-guk, siku baada ya siku, na mtoto wake ataila kila siku yake ya kuzaliwa. Ina iodini kwa wingi. Lakini siku ya mtihani mwanafunzi haigusi: mwani unateleza, na yeye hataki kuteleza.

Kimchi nayo, kabichi iliyochachushwa, iliwapa watu vitamini C wakati bustani zimefunikwa na theluji. Desturi ya kuitengeneza pamoja, kimjang, iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2013.

Wajua kwamba miaka ya 1960 na 1970 walimu wa Korea walikagua vyakula vya wanafunzi? Watoto walifunua vikopo vyao darasani, na wali mtupu ulikuwa kosa. Sharti uchanganywe na shayiri. Serikali ilikuwa inaokoa mchele, si kuhesabu vitamini. Hata hivyo nafaka isiyokobolewa sana ndiyo yenye vitamini B1, ile inayobaki kwenye pumba mchele unapong'arishwa. Leo hakuna haja ya ukaguzi: mwaka 1970 Mkorea alikula kilo 136 za mchele kwa mwaka, na mwaka 2023 kilo 56 tu.

Upungufu wa kalsiamu ndio donda ndugu. Dagaa wakavu wa kukaangwa na sukari wapo mezani, ila wanaliwa kwa ncha za vijiti, na wengi maziwa yanawasumbua tumbo.

Na wajua kuwa mwongozo wa Korea unamtaka mtu mzima apate miligramu 100 za vitamini C kwa siku? Kichupa cha kinywaji cha Vita500 kina miligramu 500, kwa mkupuo mmoja. Ziada hutoka na mkojo.