Kutu Ndani ya Sakafu ya Choo

[MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji mlioko kambini na mnaoishi kwa jamaa huku Bwera na Kasese. Leo tunazungumzia sakafu ya choo, ile ya zege lenye nondo ndani, ambayo mtoto wako huikanyaga kila siku juu ya shimo.

Hapa wilayani Kasese tuna fundisho. Katwe, kwenye ziwa la chumvi, kulijengwa kiwanda miaka ya 1970. Maji ya chumvi yaliyatafuna mabomba yake, kiwanda kikafa mapema. Leo ni gofu. Je, nondo nyembamba ya choo itapona?

Itapona, ikiwa zege ni zuri. Saruji huiwekea nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Lakini chumvi ikipenya, hata ile iliyomo kwenye mkojo, utando huo huvunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Basi mkijenga, zingatieni haya.

Moja: tumia maji na mchanga usio na chumvi.

Mbili: mfuko wa saruji wa kilo 50 usipewe maji zaidi ya jerikani moja ya lita 20 na ndogo ya lita 5. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Zege la majimaji likikauka hubaki na vitundu.

Tatu: kwangua kutu inayobanduka kwenye nondo.

Nne: usilaze nondo chini kabisa. Iinue kwa vitofali vidogo vya saruji na mchanga, vyenye unene wa sentimita 2 na nusu. Usitumie vipande vya mti wala chuma. Ncha za waya wa kufungia zikunje kuelekea ndani.

Tano: shindilia vizuri, kisha lifunike zege na ulimwagilie siku 7.

Na sakafu iliyokwisha kujengwa? Ukiona ufa unaofuata mstari wa nondo, au madoa ya kutu upande wa chini, usipake plasta. Plasta huficha kutu, haiiponyi. Funga choo hicho, mjulishe kiongozi wenu leo hii, fundi aje akague.

Kwaherini, mbaki salama.

[MUZIKI WA KUFUNGA]