Je, Wajua? Shanga za Kushangaza

Wewe uliyeketi stendi ya Eldoret ukingoja matatu ya Kitale, sogea kidogo nikupe haya.

Wajua jina Eldoret lilitoka kwa Wamaasai? Ni eldore, mto wenye mawe. Mabingwa hao wa ushanga walikuwa hapa kabla ya lami!

Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wachimbaji walipata ushanga wa ganda la konokono wa baharini. Umri wake? Miaka kati ya 63,000 na 67,000! Hujasikia vibaya.

Lothagam, kando ya Ziwa Turkana, kuna makaburi ya miaka 5,000 hivi. Wamelala humo watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee na vichanga, na karibu kila mmoja alizikwa na pambo lake. Shanga za mawe ya rangi hazikuwa za matajiri peke yao.

Haya, na hili? Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka Zanzibar na msafara mwaka 1857, aliandika kwamba wafanyabiashara walijua aina zipatazo 400 za shanga. Nyekundu moja iliitwa "kivunja-mji", kwa jinsi wanawake walivyoipapia!

Sasa mtazame mama wa Kimaasai shingoni. Vishanga vingi vile vya kioo vimetoka Jamhuri ya Cheki, mji wa Jablonec. Kioo ni cha ugenini, lakini lugha ni yake: nyekundu ni ushujaa, nyeupe maziwa, buluu mbingu iletayo mvua, kijani majani ya malisho.

Umewahi kuona ushanga wa karatasi ukizaliwa? Gazeti la zamani hukatwa pembetatu ndefu, likaviringishwa kwenye sindano, likagandishwa kwa gundi, likapakwa vanishi. Habari za juzi zinaning'inia masikioni!

Na hapa hapa Eldoret, mpango wa matibabu wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Moi na wenzao wa Marekani ulizaa Imani Workshops, ambako watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walipewa kazi za mikono, mapambo yakiwemo. Dawa ilimwinua mtu kitandani. Kazi ikamlipia kodi, ikamkalisha na wenzake wanaomwelewa, na hilo nalo ni tiba, nakuambia.

Huko Samburu, mwaka 1990, wanawake 15 waliodhulumiwa walianzisha kijiji chao, Umoja, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Ushanga ndio uliowalisha. Wanaume hawaishi humo!

Karen, Nairobi, nako, mwaka 1975, karakana ya Kazuri ilianza na akina mama wawili tu waliolea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo. Leo ni mamia.

Matatu yako hiyo inajaa. Ukishuka na kumkuta mama anatunga shanga, muulize kila rangi inasema nini, kisha mlipe bei aliyotaja.