Gavana Huhesabiwa, Mbunge Hahesabiwi

Kwenye vituo vya kuuzia majani chai Bomet na Kericho, karani akishapima mzigo, mkulima hubaki akingoja lori la kiwanda. Hapo siasa haikosi, na hesabu za kura hupigwa kwa makini kama za kilo.

Bomet ina hesabu yake ngumu. Gavana Joyce Laboso alifariki Julai 2019, naibu wake Hillary Barchok akaapishwa mwezi uliofuata, miaka mitatu kabla ya uchaguzi. Kifungu cha 182 cha Katiba kinasema anayerithi kiti kukiwa kumebaki zaidi ya miaka miwili na nusu amehesabiwa muhula mzima. Kwa hiyo Barchok aliposhinda Agosti 2022, huo ulikuwa muhula wake wa pili na wa mwisho, ingawa ndiyo mara ya kwanza kuwania ugavana mwenyewe.

Sasa vuka hadi Kericho. Seneta Aaron Cheruiyot aliingia kwa uchaguzi mdogo wa Machi 2016, akashinda tena 2017 na 2022. Akipimwa kwa mizani ya Barchok, ile miezi 17 ya mwanzo ingesamehewa, lakini ifikapo 2027 mihula yake miwili ingekuwa imetimia. Ila hapimwi. Kati ya viongozi wa kuchaguliwa, Katiba ya 2010 imeweka ukomo kwa rais, magavana na manaibu wao tu. Wabunge, maseneta na wawakilishi wadi hugombea mpaka wachoke au wachokwe.

Wanaotetea hali hiyo husema bunge linahitaji wazoefu. Hoja ina uzito, lakini isitiwe chumvi: Laboso huyo huyo aliingia bungeni 2008 kwa uchaguzi mdogo wa Sotik, baada ya dadake Lorna kufa katika ajali ya ndege, na 2013 tayari alikuwa naibu spika. Huko California, Marekani, wapiga kura waliweka ukomo mkali mwaka 1990. Wakosoaji wakalalamika kwamba wageni bungeni wanaongozwa na makarani na washawishi wa makampuni, na mwaka 2012 sheria ikalegezwa: miaka 12 kwa jumla, hata yote katika baraza moja la bunge.

Wakenya nao hawajaficha hisia zao. Mwaka 2024 seneta wa jirani, Samson Cherarkey wa Nandi, alileta mswada wa kurefusha mihula kutoka miaka 5 hadi 7. Wananchi waliukataa kwa kishindo.

Kumwita mbunge arudi nyumbani kabla ya muda kumeruhusiwa na Kifungu cha 104, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vya sheria vya kutekeleza haki hiyo. Bado kuna njia ya saini ya kurekebisha Katiba ili wabunge nao wawekewe ukomo: zikusanywe 1,000,000 za wapiga kura, kisha mabunge 24 ya kaunti kati ya 47 yaupitishe mswada kabla haujafika Nairobi. Watakaoupigia kura kwanza, Bomet na Kericho zikiwamo, ni wawakilishi wadi wasio na ukomo wenyewe.